Samaki wanatweta, maji ya kijani, mawe matupu: kutafuta chanzo cha uchafuzi wa maji dalili kwa dalili

Maji yakichafuka, viumbe wanaoishi ndani yake hutoa taarifa mapema kuliko kipimo chochote. Shida ni kwamba wengi wetu tunafika samaki wakiwa wameshaelea matumbo juu, na hapo kila mtu ana neno moja tu mdomoni: sumu. Mara nyingi si sumu. Mwongozo huu umetokana na malalamiko yale yale yanayorudi kila mwaka kutoka kwa watu wa mabwawa, mito na maziwa. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea sana, kisha tunashuka kwenye vile vya nadra.

Kabla hujagusa chochote, andika mambo manne: saa uliyoona tatizo, kiumbe gani amekufa, kiumbe gani bado yu hai, na maji yanatiririka kuelekea wapi. Halafu panda kufuata mto kuelekea yanakotoka maji, mpaka ufike mahali ambapo viumbe ni wazima. Chanzo kipo kati ya hapo na mahali ulipomkuta mfu wa kwanza. Kazi hii ya miguu imetatua kesi nyingi kuliko maabara, na haigharimu kitu.

Samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, na wakubwa wanakufa kwanza

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na jibu lake la kawaida ni upungufu wa oksijeni. Maji hubeba oksijeni kidogo sana. Maji baridi ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, ilhali samaki aliye kwenye joto anahitaji zaidi. Samaki wengi huanza kutaabika kiwango kikishuka chini ya 5, na chini ya 2 wengi hawavumilii. Wakubwa hutangulia kufa kwa sababu miili yao inahitaji oksijeni nyingi.

Chanzo cha kwanza cha kukishuku ni mwani uliozidi. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku hautoi, na wenyewe unapumua pamoja na samaki na bakteria, kwa hiyo akiba inapungua saa baada ya saa hadi karibu na macheo.

Niliwahi kuitwa kwenye bwawa ambalo mwenyewe alishaamini kwamba jirani amelimwagia sumu. Nilifika saa nane mchana, kipimo kikasoma miligramu 11, zaidi ya ambazo maji ya joto lile hushika kwa kawaida, nami nikamwambia oksijeni ipo tele. Nilikosea. Tuliporudi saa kumi na moja alfajiri kipimo kilisoma 0.8. Perege walikuwa wamebanana ukingoni, midomo nje ya maji ikifunguka na kufumba, na hata tulipokanyaga matope karibu nao hawakukimbia. Samaki asiyekimbia kivuli cha mtu hana tena nguvu ya kukimbia. Hakukuwa na mkono wa jirani pale. Kulikuwa na samadi nyingi iliyowekwa kwa nia njema, na mwani ulioinywa yote. Tangu siku ile sitoi hukumu ya oksijeni bila kipimo cha alfajiri.

Chanzo cha pili ni uchafu unaooza: majitaka, damu ya machinjio, maji ya kiwanda cha sukari au cha maziwa, hata majani mengi yaliyosombwa na mvua ya kwanza. Bakteria wanaovunjavunja uchafu huo ndio wanaotumia oksijeni. Mtoni alama yake ni nyuzi za kijivu kama pamba chafu zilizoshika kwenye mawe na matawi. Ukiziona, kuna uchafu unaooza unaoingia mfululizo, hata kama leo maji yana rangi ya kawaida.

Chanzo cha tatu ni maji kupinduka. Bwawa au ziwa lenye kina hujigawa tabaka, la moto juu na la baridi chini, na la chini huishiwa oksijeni kabisa. Mvua kubwa ya baridi au upepo mkali ukiyachanganya, yale ya chini huja juu na harufu ya mayai viza. Tope la chini likiwa limejaa uchafu wa miaka, tukio hili la kimaumbile linageuka msiba.

Ukipima alfajiri ukakuta oksijeni inatosha na bado wanatweta, tatizo liko kwenye matamvua au kwenye damu. Mshike samaki anayekaribia kufa, ufunue kifuniko cha shavu. Matamvua mekundu ni ya kawaida. Yakiwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, shuku naitraiti, kemikali ya naitrojeni inayoifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Yakiwa yamevimba na kujaa ute, shuku amonia, na hapo pima pH pia (namba ya asidi ya maji: ikishuka, asidi imezidi). Kwenye maji ya nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7. pH ikipanda hadi 9 inazidi theluthi moja. Mwani mwingi huipandisha pH wakati wa jua, kwa hiyo samaki wanaokufa alasiri kwenye bwawa la kijani mara nyingi wameuawa na amonia, si na kukosa hewa.

Tahadhari moja kuhusu kambare na kamongo: hao huja juu kuvuta hewa hata maji yakiwa mazima. Tazama perege na samaki wengine.

Cha kufanya mara moja ni kuacha kulisha, kuacha kuweka mbolea, na kuyarusha maji hewani kwa pampu ili yaanguke kama mvua. Usikoroge tope la chini, na usiue mwani wote kwa mpigo, maana mwani uliokufa huoza na kumaliza oksijeni iliyobaki. Dawa ya kudumu ni kupunguza kinachoingia.

*Acha hapo:* kama ni mto na samaki wanaendelea kutweta jua likiwa limeshapanda, kuna mtu anamwaga kitu huko juu sasa hivi. Ita mamlaka ya maji au ya mazingira siku hiyo hiyo.

Wamekufa kwa saa chache, wadogo kwa wakubwa, na si alfajiri

Hapa ndipo neno sumu linastahili kutajwa, hasa kama vifaranga na samaki wadogo wametangulia na wadudu wa majini nao wamekufa. Kama aliyekufa ni aina moja tu ya samaki, tena kidogo kidogo kwa siku kadhaa, shuku ugonjwa kwanza.

Kinachotokea sana ni viuatilifu vilivyooshwa na mvua kutoka mashambani, au pampu ya kunyunyizia iliyosuuzwa mtoni. Dawa za jamii ya pareto, ambazo kwa binadamu zina madhara madogo ukilinganisha na nyingine, huua kamba, kaa na wadudu kwa kiasi kidogo ajabu. Ukikuta kamba na kaa wamekufa huku samaki wakizungukazunguka kama waliolewa, fikiria hizo. Samaki mfu mwenye mapezi ya kifuani yaliyovutwa mbele kuelekea kichwani anaelekeza kwenye viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, vinavyobana mishipa ya fahamu. Baada ya hapo fikiria klorini kutoka kwenye mabwawa ya kuogelea au mitambo ya maji, kisha amonia iliyomwagika, kisha metali kama shaba na zinki.

Ukaguzi wa kina si kazi yako hapa. Kazi yako ni kuhifadhi ushahidi, kwa sababu maji yaliyoua yanaweza kuwa yamepita kabla hujamaliza kupiga simu. Chukua chupa safi ya kioo, ijaze hadi mdomoni isibaki hewa, ifunge, iweke gizani penye barafu. Chukua nyingine juu ya mahali unapopashuku na nyingine chini yake, na uandike saa kwenye kila chupa. Chukua samaki anayekata roho sasa hivi. Aliyeanza kunuka hana msaada mkubwa. Mfunge kwa karatasi ya aluminiamu, naye umweke kwenye barafu. Piga picha za wafu kabla hawajasombwa.

*Acha hapo:* usiingie majini, usishike kwa mikono mitupu, usile samaki hao wala usiwape mbwa au nguruwe. Zuia mifugo isinywe. Vipimo vya viuatilifu havifanyiki nyumbani. Ni kazi ya maabara na mamlaka.

Maji yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta

Kijani chepesi ni afya, ndicho chakula cha kwanza cha ziwa. Kinachotisha ni kijani kizito kinachoganda juu kama rangi iliyomwagika, kwa sababu huenda ni sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mwani, na baadhi yao hutengeneza sumu za ini na za mishipa ya fahamu.

Vaa glavu ufanye majaribio mawili. Chovya kijiti: kikitoka na nyuzi kama nywele, ni mwani wa kawaida, kikitoka kimepakwa rangi, shuku sianobakteria. Kisha jaza chupa angavu, uiache imetulia usiku kucha. Sianobakteria wengi wana vifuko vya gesi, hupanda na kufanya pete juu. Mwani wa kawaida mara nyingi hutua chini. Majaribio haya yanaonyesha nani yupo, hayaonyeshi kama ana sumu.

Chanzo karibu daima ni rutuba iliyozidi, na katika maji baridi mkosaji mkuu ni fosforasi: mbolea, samadi, majitaka, udongo uliomomonyoka. Hili lilionyeshwa waziwazi Kanada mwaka 1973. Wanasayansi walilikata ziwa moja dogo, Lake 226, kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi ukawa kijani kizito. Wa pili ukabaki kama ulivyokuwa. Kwenye pwani za bahari naitrojeni nayo ina uzito wake. Kila mwaka Ghuba ya Meksiko hupokea rutuba ya mashamba kupitia mto Mississippi, na mwaka 2017 eneo lisilo na oksijeni ya kutosha chini kabisa lilipimwa likafika takriban kilomita za mraba 22,700. Samaki wanaoweza kuogelea huhama. Konokono, chaza na minyoo ya tope hufa palepale.

Kosa linalofanywa sana ni kumwaga mrututu, yaani salfeti ya shaba. Ni kweli mrututu huua mwani, lakini seli zikipasuka sumu yote iliyokuwa ndani hutoka kwenda majini, maiti za mwani hula oksijeni, na shaba yenyewe hubaki kwenye tope na kuua konokono. Unakuwa umegeuza tatizo moja kuwa matatu. Fanya kinyume: ziba mifereji inayoleta rutuba, rudisha matete na nyasi ukingoni, hamisha samadi mbali na maji, kisha vumilia. Tope lililohifadhi fosforasi huendelea kuitoa kwa miaka, kwa hiyo msimu mmoja bila mabadiliko hauna maana kwamba umeshindwa.

*Acha hapo:* ukiona utando huo kwenye maji yanayonywewa, usiyachemshe ukidhani yamepona. Kuchemsha hakuiondoi maikrosistini, sumu ya ini ya sianobakteria. Agosti 2014, jiji la Toledo kule Marekani liliwaambia watu wapatao nusu milioni wasiyanywe maji ya bomba kwa sababu hiyo hiyo, maji yakiwa yanatoka Ziwa Erie.

Maji ya tope yasiyotulia hata kiangazi

Watu hulizoea tope, ndiyo maana liko chini katika malalamiko ingawa madhara yake ni makubwa. Vyanzo kwa mpangilio: kulima hadi ukingoni, ng'ombe wanaokanyaga kingo, uchimbaji wa mchanga au madini, na ujenzi. Tope hufukia mayai, hujaza nafasi kati ya mawe, hukwaruza matamvua na kunyima mimea mwanga. Jaza chupa, iache siku nzima: mchanga hutua kwa dakika, udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea, na huo ndio unaosafiri mbali.

Kuna madhara yasiyoonekana kwa kuhesabu maiti. Katika Ziwa Victoria, furu wa kike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yalipopoteza uangavu kwa rutuba na tope, majike katika maeneo hayo wakashindwa kutofautisha rangi, aina zilizokuwa mbalimbali zikazaliana na kuanza kuwa moja. Hakuna samaki aliyeelea tumbo juu, na bado aina zikapotea. Mimi jambo hili linaniumiza kuliko vifo vya ghafla, maana hakuna anayepiga simu.

Utando unaong'aa, au povu

Utando wenye rangi za upinde wa mvua si lazima uwe mafuta. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vyenye kingo kali kama kioo, ni kazi ya bakteria wa chuma, ni wa kimaumbile. Ukizunguka kijiti na kuungana tena, ni mafuta; nusa, utajua. Mafuta huziba njia ya hewa, hushikamana na manyoya ya ndege mpaka washindwe kuelea na kujikinga na baridi, na hata kiasi chake kidogo huua mayai ya samaki. Usimwage sabuni kuyatawanya, maana mchanganyiko huo unaweza kuwadhuru viumbe kuliko mafuta peke yake. Tandaza nyasi kavu au vitambaa vinavyonyonya, na uite wahusika.

Povu la rangi ya maziwa au kahawia, lenye harufu ya udongo, chini ya maporomoko, ni la kawaida. Povu jeupe lenye harufu ya manukato, linaloanza kwenye bomba au mfereji fulani, ni sabuni. Fuata mfereji.

Maji ya rangi ya kutu, au maangavu kupita kiasi

Mawe yakivaa ganda la rangi ya chungwa, shuku maji ya mgodi. Mwamba wenye salfa na chuma ukifukuliwa na kukutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali nyingine. Pima pH. Konokono na kome hupotea karibu na 6; karibu na 5 mayai ya samaki wengi hayaanguliwi, na aluminiamu iliyoyeyuka kutoka udongoni huganda kwenye matamvua. Ziwa lenye asidi linaweza kuwa angavu na la kupendeza, kwa sababu mwani mwingi umeondoka pamoja na wengine. Usidanganywe na uangavu.

Chokaa hupandisha pH, na Uswidi imeitumia kwa miongo kwenye maziwa yake yaliyoathiriwa na mvua ya asidi. Lakini hiyo ni kazi ya vipimo. Chokaa mbichi ikizidi huua, na kama kuna amonia, kupandisha pH ni kuiwasha sumu.

*Acha hapo:* maji ya mgodi yana metali. Usiyanywe, usinyweshe, usimwagilie.

Maji yanaonekana safi, lakini chini ya mawe hakuna kitu

Huu ndio ukaguzi ninaoupenda kuliko wote. Chagua jiwe la ukubwa wa kichwa mahali maji yanapokimbia, ligeuze juu ya beseni jeupe lenye maji, subiri dakika moja. Mwanzoni utaona uchafu tu, kisha uchafu utaanza kutembea. Tafuta kijidudu bapa chenye mikia miwili au mitatu myembamba kama unywele, ubavuni mwake matamvua yakipepea bila kupumzika. Tafuta vijumba vya mchanga, chembe kwa chembe, vilivyogandishwa kwenye jiwe, mwenyewe akiwa ndani. Hawa wanahitaji oksijeni nyingi na maji mazuri. Wakiwepo kwa wingi, mto uko hai.

Geuza mawe kumi juu ya mahali unapopashuku na kumi chini yake. Kama wote wamepungua na nafasi kati ya mawe zimejaa udongo, chanzo ni tope; ndicho kinachotokea sana. Kama nafasi yao imechukuliwa na viluwiluwi vyekundu vya visubi na minyoo miembamba inayotingisha mikia juu ya tope, ni uchafu unaooza. Wekundu wa wadudu hao ni himoglobini, ile ile inayoipa damu yetu wekundu, inayowawezesha kuishi kwenye oksijeni kidogo. Kama wadudu wote wametoweka lakini konokono na minyoo wapo, shuku viuatilifu vinavyokuja kwa vipindi. Kama wenye mikia ndio waliotangulia kupotea, fikiria metali. Na kama konokono peke yao hawapo, rudi kwenye asidi na shaba.

Rudia kila mwezi. Kipimo cha maji kinakueleza hali ya dakika ile. Wadudu hawa wamekaa pale wiki nzima, wengine mwaka, na kila kilichopita juu yao wamekipata.

Samaki wapo na wana afya, lakini hakuna vifaranga. Au wanaowala samaki ndio wanaougua

Kwa kukosa vifaranga, anza na mambo mepesi: uvuvi wa nyavu ndogo, mazalia yaliyofukiwa na tope, matete yaliyokatwa. Ukiyaondoa hayo, fikiria kemikali zinazoiga homoni. Kanada, katika Lake 260, watafiti walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwa nanogramu (sehemu ya bilioni ya gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita kuanzia mwaka 2001. Madume ya samaki wadogo wakaanza kuwa na dalili za ujike, na idadi yao ikaporomoka karibu na kwisha. Rangi za meli zenye kemikali ya tributilitini zilifanya konokono wa baharini wa kike waote viungo vya kiume wakashindwa kutaga. Matumizi yake kwenye meli yalipigwa marufuku kimataifa mwaka 2008.

Tatizo la zebaki ni zito zaidi. Huingia kwa kiasi kisichoonekana, bakteria wa tope huigeuza methilizebaki, aina ya zebaki inayojikusanya mwilini, mdudu huila, samaki mdogo humla mdudu, mkubwa humla mdogo, na kila ngazi inajilimbikiza. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliripotiwa rasmi mwaka 1956, lakini kabla ya hapo paka wa wavuvi walikuwa wakitetemeka na kuanguka. Majitaka ya kiwanda yenye zebaki yaliendelea kumwagwa hadi 1968. Samaki wa ghuba ile waliendelea kuvuliwa na kuliwa.

Kwa dalili hii hakuna ukaguzi wa nyumbani. Zebaki haina harufu, haitoki kwa kuchemsha, na kuondoa mafuta ya samaki hakusaidii kwa kuwa imo kwenye nyama yenyewe. Usichimbe tope mwenyewe, utaiamsha iliyolala. Peleka maabara samaki wakubwa wala-samaki, kila mmoja kwenye mfuko wake, umeandika urefu, uzito na mahali alipovuliwa. Mpaka majibu yatoke, hao wakubwa wasiliwe, na wajawazito na watoto wadogo wawe wa kwanza kuambiwa.